Safari ya tamasha la bia: pangeni pesa ya kikundi kabla ya chupa ya kwanza

Desturi ya tamasha la bia la Oktoba ilianzia Munich, Ujerumani, mwaka 1810, watu walipokusanyika kusherehekea arusi ya mwana wa mfalme wa Bavaria. Siku hizi hata hapa Kenya, Oktoba ikikaribia, utasikia matangazo ya matamasha ya aina hiyo: muziki, nyama choma, michezo na bia za kila rangi. Marafiki wanafungua kikundi cha WhatsApp, wanakipa jina la kuchekesha, na kila mtu anaandika "niko ndani." Shida huanza mtu akiuliza, "Sasa tunachanga ngapi, na tunatuma kwa nani?"

Hapo kikundi hunyamaza. Baada ya saa mbili mmoja anajibu, "Tumeni kwangu tu, tutaelewana huko mbele."

Somo la leo ni hilo la "tutaelewana." Tutachukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Marafiki 8 wanatoka Nairobi kwenda tamasha la bia Naivasha, karibu kilomita 90, watalala usiku mmoja na kurudi kesho yake. Wamepiga hesabu hivi: kukodi gari shilingi 10,000, mafuta 5,000, tiketi 8,000, malazi 8,000, na 5,000 ya dharura. Jumla 36,000, yaani 4,500 kwa kila mtu. Hizo ni bei za mfano, zenu mtaziweka wenyewe.

Nani atashika pesa?

Wengi huchagua mtu mchangamfu, yule aliyeanzisha mpango. Kwa pesa ya simu, swali la kwanza ni kama simu yake ina deni la Fuliza.

Fuliza inafanya kazi hivi: ukikosa salio la kutosha, inakuongezea ili umalize malipo, na deni linabaki kwenye laini yako. Pesa yoyote itakayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mfumo hauulizi pesa imetoka wapi wala ni ya nani. Ikiwa mshika pesa wenu ana deni la 3,000 na rafiki wa kwanza akatuma 4,500, simu itabaki na 1,500 tu. Aliyetuma ana ujumbe unaoonyesha ametuma 4,500. Aliyepokea hajala hata shilingi ya kikundi kwa nia mbaya. Lakini 3,000 za gari hazipo, na siku ya kulipa mwenye gari ndipo mambo yatakapojulikana.

Tumeona urafiki ukiharibika kwa jambo hili hili, na mara nyingi hakuna mwizi yeyote pale. Kuna mtu aliyedhani atajaza pengo mshahara ukiingia, kisha mshahara ukachelewa.

Kwa hiyo ulizeni mapema, tena kwa upole. Hakuna haja ya kumwambia mtu mbele ya wote, "Wewe una Fuliza, hatukuamini." Andikeni tu kwenye kikundi: "Tunatafuta mtu ambaye laini yake haina deni lolote, ajitolee." Mwenye deni atanyamaza, mwingine atajitokeza, na hakuna aliyeaibika. Na wewe uliyeombwa kushika pesa ukijua una deni, kataa. Sema tu, "Laini yangu ina mambo mengi mwezi huu, mpeni mwingine." Hiyo inatosha.

Sifa ya pili: awe mtu ambaye hachanganyi. Pesa ya safari ikikaa pamoja na ya kodi ya nyumba, ya shule na ya mboga, hata mwaminifu kabisa atapoteza hesabu. Kama ana laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lake na haitumiki sana, hiyo ndiyo ya kutumia. Akaunti ya chama yenye paybill ni bora zaidi kwa kikundi kinachosafiri kila mwaka, lakini kwa safari moja tu, makaratasi yake yatawachosha kabla hamjafika Limuru.

Kuchanga kidogo kidogo hakuli ada sana

Tunaulizwa mara nyingi: ni bora kutuma 4,500 mara moja au kugawanya? Watu huogopa kwamba kila ukituma unakatwa, kwa hiyo wanangoja wapate yote. Wakingoja, hawatumi.

Hebu tupige hesabu kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023. Kutuma 4,500 kwa mkupuo ni ada ya shilingi 57. Kutuma 1,000 mara nne ni 13 kila mara, yaani 52, kisha 500 ya mwisho ni 7. Jumla 59. Tofauti ni shilingi mbili! Mtu anayelipwa kwa siku au kwa wiki hana sababu ya kungoja. Akianza wiki tano kabla ya safari, anamaliza bila kuumia.

Angalieni tu mahali ngazi za ada zinapobadilika. Kutuma 1,000 ni shilingi 13, lakini kutuma 1,050 ni 23. Ile hamsini ya ziada imekugharimu shilingi kumi.

Kila mtu akituma, aandike kwenye kikundi kiasi, tarehe na nambari ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa ujumbe. Usibandike ujumbe mzima. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha salio lako, na wenzako saba hawana haja ya kujua umebaki na 61,000 au na 12. Wakijua ni 61,000 wataanza kukukopa kabla ya safari, na wakijua ni 12 watakuonea huruma usiyoihitaji.

Mshika pesa naye asiamini ujumbe peke yake. Wiki ya michango simu yake italia mara nyingi, na matapeli hupenda simu za namna hiyo. Utapata ujumbe "umepokea 4,500" uliotoka kwenye nambari ya kawaida ya simu, kisha mtu anapiga: "Aki samahani, nimekutumia kimakosa, nirudishie." Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, na salio lako huongezeka. Angalia salio kwanza. Hata ukikuta kweli kuna pesa iliyoingia kimakosa, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie atume ujumbe wake kwa 456, kampuni ishughulike. Ujumbe wa utapeli unaweza kuusambaza kwa 333.

Na kama katikati ya wiki mshika pesa "amebadilisha namba" na anaomba mtume kwa nambari mpya, mpigieni kwa ile ya zamani msikie sauti yake. WhatsApp ya mtu inaweza kutekwa, na aliyeiteka atawasalimia kwa majina yenu yote ya utani maana ameyasoma humo humo.

Gari na tiketi

Malipo haya mawili yafanywe mapema, na yafanywe kwa till au paybill yenye jina la biashara. Kulipa kwa till ya Lipa na M-Pesa hakukukati ada wewe mteja, ilhali kutuma 10,000 kwa nambari ya mtu ni shilingi 90. Kabla ya kuingiza nambari ya siri, soma jina linalotokea. Ikiwa umeambiwa unalipa kampuni ya kukodi magari na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Mwenye gari halali atakueleza kwa nini. Tapeli atakuharakisha: "Lipa sasa sasa, kuna mwingine analitaka."

Toa rubuni tu, siyo pesa yote. Kilichobaki kilipwe mkiwa mmeliona gari, mmeona bima haijaisha, na funguo ziko mkononi. Makubaliano yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe mfupi: gari gani, siku ngapi, rubuni ngapi, na nini kitatokea mkighairi.

Nanyi pia kubalianeni kuhusu atakayeghairi. Pendekezo letu ni kali kidogo: rubuni ikishalipwa, anayejiondoa harudishiwi sehemu yake ya gari mpaka apatikane mtu wa kuchukua nafasi. Bila sheria hiyo wawili wakijiondoa Ijumaa jioni, sita waliobaki wanabeba mzigo wa wanane, na safari yenyewe inaanza na manung'uniko.

Bia isiingie kwenye mfuko

Umeona katika hesabu yetu hakuna bia. Hatukusahau. Bia ndiyo gharama pekee ya safari hii ambayo haiwezi kugawanywa sawa bila mtu kuonewa. Mmoja atakunywa mbili, mwingine nane. Mmoja hanywi kabisa, amefuata muziki na marafiki. Dereva anakunywa soda. Ukichanga bia pamoja, aliyekunywa kidogo anamlipia aliyekunywa sana, na yule aliyekunywa sana ndiye atakayesimama saa nne usiku akidai mfuko uongezwe.

Kila mtu anunue yake. Kama mnataka kununuliana raundi, nunulianeni, huo ni ukarimu. Usidai kesho yake kitu ulichokitoa jana kama zawadi.

Kinachosaidia sana ni kujiwekea kiasi kabla ya kutoka nyumbani. Tuseme umeamua 3,000 za vinywaji. Hizo ziache kwenye laini unayokwenda nayo. Nyingine zihamishie benki, au kwenye akiba ya kufungwa kama ile ya M-Shwari, au mahali popote ambapo huwezi kuzifikia kwa sekunde tano ukiwa umechangamka. Kisha kuna Fuliza tena. Salio likiisha, simu itakuuliza kama unataka kumalizia malipo kwa Fuliza, na baada ya chupa ya nne jibu ni ndiyo. Kuna ada ya asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, na baada ya hapo ada ya kila siku mpaka umalize. Bia hiyo utaendelea kuilipia ukiwa kazini Jumatano. Ukijijua ni mtu wa namna hiyo, jiondoe kwenye Fuliza kabla ya safari. Utajiunga tena ukitaka.

Ukiwa uwanjani

Mtandao kwanza. Maelfu ya watu wakiwa mahali pamoja, kila mmoja na simu, ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kuchelewa. Unalipa 600 kwa till, ujumbe hauji, muuzaji anasema hajaona kitu, foleni nyuma yako inapiga kelele, unalipa tena. Dakika kumi baadaye unapata jumbe mbili. Kabla ya kurudia malipo, angalia salio au taarifa ya miamala kwenye programu. Kama pesa imetoka, mwonyeshe muuzaji na msubiri pamoja. Kama mmeshalipa mara mbili, ongea naye hapo hapo kabla hajafunga meza yake, maana kumtafuta Jumatatu ni kazi nyingine kabisa.

Kwa sababu hiyo tunashauri kila mtu awe na pesa taslimu kidogo. Kutoa 2,500 kwa wakala ni shilingi 29, ile ile ungelipa kutoa 500. Kwa hiyo usitoe mia tano tano mara tano. Toa mara moja, tena ukiwa Nairobi au mjini Naivasha.

Matamasha mengine hutumia bangili ya mkononi ambayo unaijaza pesa kwanza, kisha unalipa kwa kuigusisha kwenye mashine. Ni rahisi, na ndiyo hatari yake: huoni pesa ikitoka. Uliza kabla ya kujaza kama salio litakalobaki hurudishwa, na kwa njia gani. Ijaze kidogo kidogo.

Sasa mchele. Wakenya wanajua tunaongelea nini. Mtu anawekewa dawa kwenye kinywaji, anaamka kesho akiwa na kichwa kizito, simu haipo au ipo lakini akaunti ni tupu. Dawa peke yake haiwezi kufungua akaunti yako. Kinachoifungua ni nambari ya siri, na mara nyingi ilionwa saa moja kabla, ulipokuwa unalipa kaunta huku mtu mkarimu amesimama begani kwako. Geuka, ziba kwa mkono, usiitaje kwa sauti hata kwa rafiki anayekusaidia kulipa. Nambari ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana kitambulisho kiko kwenye pochi ile ile. Usiache kinywaji mezani ukaenda kucheza ngoma na kukirudia. Ukikiacha, kimwage. Shilingi mia tatu za bia ni rahisi kuliko kila kitu ulichonacho.

Wekeni watu wawili wawili. Kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Mwenzako akianza kulewa ghafla kuliko alivyokunywa, usimcheke na usimwachie mgeni "amsindikize." Mpeleke kwa wahudumu wa afya.

Kabla ya safari, fanya mambo mawili yatakayokuchukua dakika tano. Weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe, ili mwizi akiitoa na kuitia kwenye simu nyingine isifanye kazi. Na kama laini ni ya Safaricom, piga *100*100# uzuie mtu mwingine kubadilisha laini yako kwa wakala. Simu ikipotea, piga 100 kwa laini ya rafiki, wafunge akaunti mara moja. Usingoje asubuhi. Na ukumbuke kwamba kampuni haitakupigia kwa nambari yoyote ikiomba nambari yako ya siri, hata kwa ile yake ya 0722 000 000 haitakuomba.

Pesa ya kurudi

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huisahau, kwa sababu kwenda kuna furaha. Jumapili asubuhi gari linataka mafuta, na mshika pesa amelala kama gogo, simu yake imezima chaji, na hakuna mwingine anayejua nambari ya siri. Wala hawapaswi kuijua!

Gawanyeni pesa kabla ya kufika uwanjani. Dereva atumiwe nusu ya mafuta, 2,500 katika mfano wetu, ada yake ni shilingi 33. Atumiwe pia 2,000 za dharura, au vyote pamoja 4,500 kwa ada moja ya 57, ambayo ni nafuu kuliko kutuma mara mbili. Dereva ndiye mtu mwenye akili timamu usiku huo, kwa hiyo simu yake ndiyo salama kuliko zote. Lakini swali la Fuliza linamhusu na yeye. Gharama ya chakula na soda zake itoke kwenye dharura. Amejinyima bia ili nyinyi mfike nyumbani, hiyo ni kazi.

Na dereva awe mtu ambaye hanywi kabisa, siyo yule "atakayekunywa kidogo." Kulala usiku mmoja hakumtoi mtu pombe yote mwilini. Aliyekunywa mpaka saa tisa usiku anaweza kupuliza alkoblow saa mbili asubuhi na bado akakamatwa, na kabla ya polisi kuna ule mteremko wa Mai Mahiu. Kama dereva wenu amevunja ahadi, pesa ya dharura ina kazi: lipieni mtu wa kuwaendesha, au lipieni chumba mpaka jioni. Ndiyo maana tuliiweka 5,000, na ndiyo maana haiguswi kwa bia hata kikundi kizima kikipiga kura.

Kurudisha kilichobaki

Jumatatu, kabla ya kila mtu kurudi kwenye shughuli zake na kikundi kujaa picha, mshika pesa aandike hesabu. Mistari michache tu: kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilikokwenda, ada za kutuma, kilichobaki. Ada nazo ni za kikundi, asizibebe yeye.

Tuseme zimebaki 2,456. Ukigawanya kwa wanane, kila mmoja anapata 300, na kutuma 300 ni shilingi 7. Mara nane ni 56. Hesabu inaisha pale pale, salio la mfuko sifuri. Kuna atakayesema, "Wacha zikae za safari ijayo." Zirudisheni tu. Safari ijayo iko mwakani, mshika pesa anaweza kuwa mwingine, na kufikia wakati huo hakuna atakayekumbuka zilikuwa 2,400 au 4,200. Anayetaka kuweka akiba ya mwakani aanze na hiyo 300 yake, kwenye akiba yake mwenyewe.